Ada ya Filamu za Mtandaoni: Je, Yastahili Fedha ya Nyumba?

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, na wavuvi wa Rumonge wanapoanza kuwasha taa zao ziwani, nyumba nyingi za mjini hukabiliwa na swali ambalo wazee wa zamani hawakulijua: jioni hii watoto watatazama nini, na fedha za kulipia zitatoka wapi?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Redio ilitosha. Televisheni ya taifa ilipoanza Burundi mwaka 1984, walioimiliki walikuwa wachache, na majirani walikusanyika kwa mwenye nayo. Siku hizi mambo yamegeuka. Tarehe 6 Januari 2016 kampuni ya Netflix ya Marekani ilifungua huduma yake kwa mara moja katika nchi zaidi ya 130, zikiwamo nchi nyingi za Afrika. Tangu hapo, mwenye simu na intaneti anaweza kulipa ada ya mwezi akajichagulia filamu aitakayo, saa aitakayo. Kampuni nyingine nazo zimefuata njia hiyo hiyo.

Jambo hilo lina uzuri wake, wala si haki kulibeza. Askari arudiye kutoka zamu usiku wa manane hahitaji kungoja saa ya kipindi. Mama ambaye mumewe amepangiwa kazi mbali hupata cha kuwakusanya watoto nyumbani baada ya chakula, badala ya kuwaacha wazurure ufukoni au wajipenyeze katika vibanda vya video ambamo hajui wanaonyeshwa nini. Burudani ya nyumba si anasa tupu. Hata hivyo, ada hiyo hutoka katika mshahara ule ule unaonunua mchele, madaftari na dawa. Ndiyo maana haifai kulipwa kwa pupa, wala kukataliwa kwa hasira.

GHARAMA MBILI, SI MOJA

Kosa la kwanza la wengi ni kuitazama ada peke yake. Ada ni mlango tu. Njia ya kuufikia mlango huo ni intaneti, nayo hulipiwa mbali. Kwa kipimo cha Netflix yenyewe, picha ya kiwango cha chini hutumia hadi gigabaiti 0.3 kwa saa. Ya kiwango cha kati hadi gigabaiti 0.7, na picha safi ya kiwango cha juu hufikia gigabaiti 3 kwa saa.

Nyumba inayotazama saa mbili kila jioni kwa siku 30 imetazama saa 60. Kwa picha ya chini hizo ni gigabaiti 18. Kwa ya kati ni 42. Kwa picha safi ni 180. Mama wa nyumba na achukue bei ya gigabaiti moja katika kifurushi anachonunua, aizidishe kwa 18, kisha ajumlishe na ada. Jumla hiyo aigeuze kuwa vitu anavyovijua: ni lita ngapi za mawese, ni kilo ngapi za ndagala, ni mikeke mingapi sokoni? Hapo ndipo bei ya kweli itakapoonekana, kwa maana tarakimu za simu hudanganya, lakini sufuria haidanganyi.

Jambo la pili ni namna ya kulipa. Huduma nyingi za nje hudai kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, na bei huhesabiwa kwa fedha za kigeni, ilhali Lumicash na Ecocash za mwananchi zimejaa faranga. Anayemwomba mtu mwingine amlipie kwa kadi yake huongeza gharama ya tatu, na mara nyingine hasara, kwani yule mwenye kadi ndiye mwenye mamlaka ya kufunga na kufungua.

Tena Burundi haina pwani ya bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yake hupita katika nchi jirani hadi kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za namna hiyo, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Ukiongeza jioni ambazo umeme hukatika, ni wazi kwamba mwezi uliolipiwa si lazima uwe mwezi uliotazamwa.

MBALAMWEZI YA MVUVI NA ZAMU YA ASKARI

Ada huhesabiwa kwa mwezi mzima, lakini watu hawaishi jioni zote sawasawa. Mvuvi wa ndagala hutegemea giza ili taa yake ivute samaki. Mbalamwezi ikichomoza sana, hukaa nyumbani. Naye akilipa ada ya siku 30, huenda akafaidi siku chache tu za mwezi mpevu. Askari wa zamu za usiku yuko katika hali hiyo hiyo. Kwake yeye ipo nafuu moja: tangu Novemba 2016 Netflix huruhusu filamu nyingi zipakuliwe mahali penye intaneti nafuu na kutazamwa baadaye pasipo intaneti. Lakini filamu hiyo ni ya saa za mapumziko. Lindoni, macho ni ya lindo.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na ichukuliwe, kwa mfano, nyumba ya polisi aliyehamishiwa Gitega, mkewe na watoto watatu wakiwa wamebaki Rumonge. Mama anauza mawese sokoni. Mtoto wa kiume wa miaka 12 ameanza kuchelewa kurudi jioni, na mama amegundua kwamba huenda kibandani kutazama filamu za vita. Baba anasema kwa simu kwamba fedha ya filamu ni upotevu. Mama anajibu kwamba yeye ndiye anayesubiri mlangoni saa mbili usiku, si baba.

Wote wawili wana haki, na ugomvi wao hautaisha kwa kelele. Utaisha kwa daftari. Wakubaliane kulipa mwezi mmoja tu. Kila jioni mama aandike: nani alitazama, saa ngapi, kifurushi kilipungua kiasi gani, na mtoto alikuwa wapi. Ikiwa mwisho wa mwezi daftari laonyesha jioni 11 za saa mbili mbili, hizo ni saa 22, yaani gigabaiti zipatazo 7 kwa picha ya chini. Ada na kifurushi vigawanywe kwa 11. Ikiwa jioni moja imegharimu kuliko chakula cha jioni hiyo, jibu limepatikana. Lakini ikiwa daftari hilo hilo laonyesha kwamba kijana alikuwa nyumbani jioni zote 11, na hapo zamani hakuwa, baba naye hana budi kulisoma. Huenda wakaamua kulipa miezi ya likizo tu, na kusimamisha wakati wa masomo.

Kusimamisha ndiko kunakosahaulika. Ada hizi hujirudia zenyewe kila mwezi mpaka mwenyewe aamuru zikome. Asiyetazama daftari atalipia filamu ambazo hakuna aliyeziona.

LUGHA NA MALEZI

Yafaa pia kuuliza: wanaotazama wataelewa? Filamu nyingi humo ni za Kiingereza, na za Kiswahili bado ni chache, ingawa zipo, kama tamthilia ya Kenya iitwayo Country Queen, ya mwaka 2022. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Watu walimfuata kwa sababu waliielewa hadithi. Nyumba isiyoelewa maneno hulipia picha zinazopita tu. Na penye watoto, wazazi wafungue sehemu ya watoto na kuifunga ile ya wakubwa kwa namba ya siri.

Wala msomaji asivutwe na neno "bure". Mwaka 2021 Netflix ilianzisha huko Kenya huduma ya simu isiyo na malipo. Mwezi Novemba 2023 iliisha, na waliokwisha kuzoea wakabaki kuchagua kati ya kulipa na kuacha.

Kupanga ni kuchagua. Nyumba itakayohesabu na kulipa haina kosa, na nyumba itakayohesabu na kukataa haina ushamba. Iliyo hatarini ni ile isiyohesabu, kwani wahenga walikwisha kuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.