Plazimidi na Insulini: Namna Bakteria Anavyotengeneza Protini ya Binadamu

Miongoni mwa maswali ambayo wagonjwa wa kisukari huyauliza mara kwa mara, mawili hayakomi: iwapo insulini hutokana na nguruwe, na iwapo anayejidunga dawa iliyotengenezwa na bakteria hajidungi vijidudu vyenyewe. Swali la kwanza lina msingi wa kihistoria, kwa kuwa kwa miongo mingi insulini ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Lakini tangu mwaka 1982, Marekani ilipoidhinisha insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa bakteria, nafasi hiyo imechukuliwa kwa sehemu kubwa na bakteria Escherichia coli pamoja na hamira. Jibu la swali la pili huanzia kwenye usanifu wa plazimidi, yaani duara dogo la DNA ambalo bakteria hulibeba kando ya kromosomu yake na ambalo hujinakili lenyewe.

Jeni ya binadamu haiwezi kupachikwa humo kama ilivyo, kwa sababu ndani yake mna vipande visivyobeba maelekezo ya protini, ambavyo seli ya binadamu huvikata kwenye ujumbe wa RNA, ilhali bakteria hana uwezo huo. Ndiyo maana mwaka 1978 watafiti wa Genentech na City of Hope, huko California, waliziunda jeni za insulini kwa kemia. Mbele ya jeni msanifu huweka promota, kipande kinachoamua ni lini usomaji uanze. Ile ya laktosi, iliyotumika wakati huo, huamshwa na sukari ya maziwa, hivyo bakteria wanaweza kuachwa waongezeke kwanza kabla ya kubebeshwa mzigo wa kutengeneza protini ngeni. Kati ya promota na jeni hukaa mfuatano mfupi ambapo ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, hujishikiza, na umbali wake hadi mwanzo wa jeni, herufi 5 hadi 9 hivi, ukikosewa, protini hupungua mno hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Bado palibaki kikwazo kikubwa zaidi, nacho ni kwamba bakteria huvunjavunja protini fupi asizozitambua. Mwaka 1977, katika jaribio la kutengeneza somatostatini, homoni yenye amino asidi 14 tu, watafiti hawakupata chochote mpaka walipoiunganisha na protini kubwa ya bakteria mwenyewe, beta-galaktosidasi. Mbinu hiyo ilihamishiwa kwenye insulini: mnyororo A wenye amino asidi 21 na mnyororo B wenye 30 ilitengenezwa katika bakteria tofauti, kila mmoja ukiwa umefungwa kwenye protini hiyo kwa amino asidi iitwayo methionini. Kemikali ya sianojeni bromidi hukata pale tu palipo na methionini, na kwa kuwa insulini haina methionini hata moja, minyororo ilitoka mizima, kisha ikaunganishwa kwa vifungo vya salfa. Ni vigumu kutaja usanifu ulioutumia udhaifu wa kemikali kwa werevu kuliko huo.

Plazimidi hubeba pia jeni ya ukinzani dhidi ya antibiotiki, ili bakteria asiyeibeba afe kwenye chombo chenye antibiotiki hiyo. Wanaodai kwamba ukinzani huo humwingia mgonjwa wanapotosha: bakteria hupasuliwa, protini ikasafishwa hatua kwa hatua, na kinachoingia kwenye kichupa ni insulini, si kiumbe hai. Vivyo hivyo, wauza mizizi ya dawa wanaowashawishi wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza kuacha sindano wanahatarisha maisha, kwani mwili usiotengeneza insulini hujaa asidi na mgonjwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Hakuna mzizi unaoziba pengo hilo.

Kichupa kisichofunguliwa kihifadhiwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 bila kugandishwa, kilichofunguliwa kitumike kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, na anayetaka kujua chanzo cha insulini yake asome lebo au amuulize mfamasia.