Nani Ameshika Redio?

Je, mama msomaji, nyumbani kwako ni nani anayeamua redio ifunguliwe saa ngapi na ifungwe saa ngapi? Tafadhali usicheke. Nimelifikiria swali hili miaka mingi, na kila ninapolifikiria naliona ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Nilipokuwa mtoto hapa Kasulo redio ilikuwa ya baba. Ilikuwa redio ya National, imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Mama ndiye aliyekifuma kile kitambaa. Mama ndiye aliyeanika betri juani zilipoanza kufifia, ili zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Lakini kitufe hakukigusa. Ilipofika saa mbili usiku, taarifa ya habari ya Radio Tanzania, nyumba nzima ilikaa kimya. Mama akiuliza, "Wamesemaje kuhusu bei ya kahawa?" baba alimjibu, "Nyamaza kwanza tusikie." Taarifa ikiisha baba alitoka kwenda kuizungumza na wanaume wenzake, na mama alirudi jikoni na swali lake.

Lakini mama alikuwa na kumbukumbu moja ya redio aliyopenda kutusimulia. Mwaka 1973, akiwa bado msichana, palikuwa na kampeni ya nchi nzima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi kuizunguka redio, kila juma kwa muda wa majuma kumi na mawili, wake kwa waume. Walisikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, kisha wakazungumza: maji yetu yako wapi, mbu wanazaliana wapi, choo kichimbwe wapi. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi hivyo Tanzania nzima. Vyoo vilichimbwa kweli. Mimi kama muuguzi siwezi kuidharau kazi ile, maana hata leo kuharisha bado kunatuletea watoto zahanati. Hata hivyo yafaa tuseme ukweli wote. Kikundi kiliweza kuamua choo kichimbwe wapi. Hakikuweza kuamua redio izungumzie nini. Hilo lilikwisha kuamuliwa Dar es Salaam. Lakini mama hakulalamika. Kwake yeye jambo kubwa lilikuwa kwamba redio ilinyamaza, na baada ya kunyamaza yeye aliruhusiwa kusema.

Redio iliyochekesha watu

Kisha ukaja mwaka 1994. Nilikuwa shule ya msingi. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na wengi wao wakasimama hapa kwetu, Benaco. Mahali palipokuwa na vichaka na bwawa la maji pakawa mji wa maturubai. Watu walisema ni mji wa pili kwa ukubwa Tanzania baada ya Dar es Salaam. Huko chini mto Kagera ulikuwa unachukua maiti kuzipeleka Ziwa Viktoria. Sisi watoto tulikatazwa kwenda mtoni, wala hatukuelezwa sababu, lakini tulijua.

Sisi Wahangaza hatukuhitaji mkalimani, kwa maana lugha yetu na Kinyarwanda na Kirundi husikilizana. Mama mmoja mkimbizi alikuwa akija kwetu kuomba majani ya maharage, akiwa na mtoto mgongoni. Siku moja mama alimwuliza jambo ambalo kila mtu alilifikiri: ilikuwaje jirani akamwua jirani? Yule mama alikaa kimya, kisha akasema neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Ile redio tuliipenda. Ilikuwa inatuchekesha."

Nilikuja kuelewa nilipokuwa mtu mzima. Redio aliyoisema ni RTLM, iliyoanza kutangaza Kigali mwezi Julai 1993. Kabla yake Wanyarwanda walikuwa na redio ya serikali, yenye hotuba ndefu na sauti za kikubwa. RTLM ilipiga muziki wa Zaire. Watangazaji walitaniana kama vijana baa. Wasikilizaji walipiga simu wakaomba wimbo na kuongeza umbea wao. Watangazaji walitoka mtaani na kipaza sauti wakamwuliza mtu wa kawaida maoni yake. Watu wengi walioishi maisha yao yote wakiambiwa "nyamaza tusikie" walijisikia redioni kwa mara ya kwanza. Hebu fikiri utamu wake! Mama yangu naye angeipenda.

Ndani ya utamu huo ndimo ilimowekwa sumu. Kundi moja la wananchi liliitwa mende. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, redio ileile ilisoma majina ya watu, namba za magari na mahali watu walipojificha, na vijana waliokaa kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa wanasikiliza. Kwa siku kama mia moja Umoja wa Mataifa unakadiria watu 800,000 waliuawa. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa kule Kigali, aliomba redio hiyo inyamazishwe. Wakuu wa ulinzi wa Marekani walipiga hesabu wakaona kurusha ndege ya kuivuruga kungegharimu kama dola 8,500 kwa saa, na ndege haikurushwa.

Tunaambiwa mara nyingi kwamba dawa ya redio mbaya ni kuwaacha wananchi waseme. Lakini RTLM iliwaacha wananchi waseme. Walichokosa ni kitu kingine. Aliyetajwa jina hakuwa na mahali pa kujibu. Hapakuwa na simu ya mtu kusema, "Huyo mnayemtaja ni jirani yangu, na mnasema uongo." Milango ilikuwa wazi kwa wale waliokubaliana na mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa na watu wake madarakani.

Miongoni mwa sauti zile ilikuwamo ya mwanamke, Valérie Bemeriki. Mwaka 2009 mahakama ya gacaca nchini Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Nalitaja kwa sababu sisi akina mama tuna mazoea ya kudhani kwamba mwanamke akipewa kipaza sauti basi maneno yatakuwa ya upole.

Kesi ya waasisi wa redio hiyo ilisikilizwa Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003. Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu na mmoja wa waanzilishi, alipewa kifungo cha maisha, na kwenye rufani mwaka 2007 kikapunguzwa kuwa miaka 30. Kabla ya mahakama hiyo, tangu kesi za Nuremberg, hapakuwa na mahakama ya kimataifa iliyomhukumu mtu wa vyombo vya habari kwa maneno aliyoyasambaza.

Lakini je, ni redio iliyoua? Mtafiti mmoja Mmarekani, Scott Straus, aliwahoji wafungwa 210 waliohukumiwa kwa mauaji yale. Wengi hawakusema redio ndiyo iliyowatuma. Walisema walijiwa nyumbani na watu wanaowajua: kiongozi wa mtaa, jirani, kundi la vijana. Mtafiti mwingine, David Yanagizawa-Drott, alilinganisha vijiji vilivyoipata RTLM na vile ambavyo milima iliviziba, akakadiria mwaka 2014 kwamba kama sehemu moja ya kumi ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio hiyo. Nadhani wote wawili wana haki. Redio iliweka neno kinywani, lakini mtu aliyebisha hodi alikuwa na miguu. Naye mwenye nyumba alifanya haraka kukubali, kwa sababu alidhani kila mtu mwingine amekwisha kukubali.

Betri na kanda

Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha redio hapa Ngara. Iliitwa Radio Kwizera, neno ambalo kwetu maana yake ni kutumaini. Ilitangaza usafi, chanjo, amani, na habari za ndugu waliopoteana. Na wakimbizi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi pale. Kwa sisi wenyeji lilikuwa jambo geni kusikia redioni maneno ya kwetu yakizungumza mambo ya kwetu. Hata mama alianza kugusa kitufe. Baba aliona, hakusema kitu.

Lakini tusiipe redio yoyote uwezo wa miujiza. Tarehe 5 Desemba 1996 ilitangazwa kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Tangazo lilikuwa wazi kabisa. Hata hivyo tarehe 12 maelfu kwa maelfu waliziacha kambi wakaelekea mashariki, mbali na Rwanda, hadi askari wetu walipowageuza. Viongozi wao kambini walikuwa wamewaambia kwamba wanapelekwa kuuawa. Nilisimama kando ya barabara nikawaona wakirudi, magodoro kichwani, wakipita kimya siku nzima. Mtu ambaye hawezi kuuliza swali humwamini yule aliye karibu naye.

Yapo majaribio yaliyofanywa Rwanda yenyewe ambayo ningependa kila kikundi cha akina mama kiyajue. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, habari za vijiji viwili vyenye ugomvi, uliotungwa na shirika la La Benevolencija. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alipanga vikundi vya wasikilizaji. Vingine vilisikiliza mchezo huo kwa mwaka mzima, na vingine vilisikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Mwishoni kila jamii ilipewa zawadi ya redio ya kaseti na kanda za mchezo wake, watu wote wapo. Kumbe kipimo chenyewe kilikuwa hapo: nani ataitunza?

Waliokuwa wamesikiliza mchezo wa afya walielekea kumpa kiongozi wa mtaa, yakaisha. Waliosikiliza Musekeweya walibishana. Mmoja alisema apewe kiongozi, mwingine akasema hapana, ni yetu sote, wakapanga namna ya kuitumia kwa pamoja. Tena mioyoni mwao imani nyingi hazikubadilika sana. Kilichobadilika zaidi ni kile walichodhani kinaruhusiwa kusemwa mbele ya watu. Nilipoyasoma hayo nilichomwa kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa afya. Miaka yangu yote nimesimama mbele ya akina mama kliniki nikisema, "Chemsheni maji, leteni watoto wapimwe," nao wakiitikia, "Ndiyo sista." Sikupata kujifunza kuwaacha wabishe.

Sauti isiyo na jina

Siku hizi redio ya baba imekufa, na kila binti ana simu. Wapo wanaosema sasa nguvu imegawanywa sawasawa. Ngoja niwaambie ya Biharamulo, wilaya jirani yetu.

Januari 2025 palikuwa na ugonjwa. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa kwamba yawezekana ni Marburg. Serikali ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Rais Samia mwenyewe akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Waliohesabiwa walikuwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki.

Sitaki kumhukumu mtu juu ya siku zile sita. Vipimo vina taabu zake. Nazungumzia kilichojaa simuni ndani ya siku hizo. Sauti ya mwanamume asiyejitaja ilizunguka katika makundi ya akina mama, ikisema kwamba wauguzi ndio wanaoueneza. Ilisambazwa na watu wazuri, hata mwanamke ninayeimba naye kwaya. Nilimwuliza ilitoka kwa nani. Alisema imetoka kwenye kundi. Kundi lipi? Kundi tu. Asubuhi moja benchi la kliniki ya watoto lilikuwa na akina mama wanne, mahali ambapo siku kama hiyo hukosa nafasi ya kukaa.

Niliwatazama wale wanne, nikaanza kama kawaida, "Jamani, msisikilize uvumi." Bibi mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu akanikatiza. "Sista, wewe nawe unatuambia tu. Tukuulize kwanza." Nikavuta kiti. Aliuliza kwa nini juzi walisema haupo na leo upo. Aliuliza mimi mwenyewe naogopa au siogopi. Nikamjibu kwamba naogopa, nikamwonyesha glavu zangu na ndoo ya maji ya klorini, nikamweleza ugonjwa unavyoambukiza na usivyoambukiza, na kwamba juu ya zile siku sita ninajua yaliyotangazwa tu. Tulikaa karibu saa nzima, na kadi za watoto zikangoja.

Kisha akamwambia binti yake, "Toa hiyo simu. Uiwashe ile sauti tena, sasa tuisikilize vizuri." Tukaisikiliza wote sita. Ilipofika katikati bibi akainua mkono binti asimamishe, akauliza, "Huyu ni nani?"

Hakuna aliyemjua. Binti akaifuta palepale. Yule mama wa kwaya alikuja juma lililofuata na mtoto wake, akachukua zamu kama wengine.