Mlinzi wa Lango la Moyo

Kila askari anaijua zamu. Anajua maana ya kusimama langoni usiku wa manane, akimpitisha anayestahili na kumzuia asiyestahili. Lakini ni wangapi kati yetu waliofundishwa kuweka zamu katika lango la nafsi zao?

Buddha, mwalimu aliyeishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata miaka 2,500 iliyopita, alilieleza jambo hilo kwa mfano wa kiaskari. Alimfananisha mfuasi wake na ngome ya mpakani. Uzingativu, yaani hali ya kuwa macho na kutambua kinachopita moyoni wakati huo huo, aliufananisha na mlinzi wa lango, mwerevu, anayewajua wa kuingia na wa kuzuiwa. Alitoa pia mfano wa mishale miwili. Mshale wa kwanza ni maumivu ambayo maisha humrushia kila mtu. Wa pili ni ule ambao mtu hujichoma mwenyewe kwa hasira, hofu na kinyongo.

Hekima hupimwa penye dhiki. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kusini mwa mji wa Mbarara, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda; leo wamo watu zaidi ya 100,000, wakiwamo Wakongo, Warundi na Wasomali. Kuanzia mwaka 2020, mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa zaidi ya mara moja.

Tumfikirie, basi, askari aliyetoka Mbarara kulinda foleni ya mgao huko. Jua ni kali. Mama wa Kikongo anamfokea kwa Kiswahili, lugha ambayo askari naye anaitumia kazini. Maneno yale ni mshale wa kwanza, nao umekwisha kuchoma. Wa pili uko mkononi mwa askari mwenyewe: “Huyu ananidharau, nitamwonyesha.” Mwenye mlinzi langoni huitambua hasira inapobisha hodi. Huvuta pumzi, huzihisi nyayo zake ardhini, na fimbo hubaki ilipo. Ndipo anaposikia kwamba mama hamtukani yeye, bali analilia watoto waliolala na njaa. Pumzi moja imemwokoa raia na kipigo, na imemwokoa askari na aibu ya mahakama.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watawa wa mbali. Sivyo. Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa Uganda, alipewa utawa mwaka 2002, na mwaka 2005 alianzisha kituo cha Kibuddha nchini kwao. Tena, zoezi lenyewe halimtaki Mwislamu wala Mkristo aiache dini yake. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha mafunzo ya vikao 5 yenye mazoezi ya namna hiyo, yakajaribiwa kwa wanawake wakimbizi karibu 700 wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa miezi mitatu baadaye dhiki ya moyo ilikuwa imepungua.

Hata hivyo, pumzi si dawa ya kila jeraha. Aliyeona vita, akawa anashtuka usingizini kila usiku, anahitaji mtu wa kumsikiliza. Huko Nakivale, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wakimbizi wa Rwanda na Somalia walipata nafuu kwa kusimulia yaliyowapata mbele ya washauri waliofundishwa kazi hiyo. Kama mkimbizi hakuona haya kusema, kwa nini askari aone haya?

Ndugu askari, zoezi ni jepesi. Kabla ya kushika zamu, simama kimya, uhesabu pumzi tatu, ujiulize: nimebeba nini moyoni leo? Fanya vivyo hivyo jioni mbele ya mlango wa nyumba yako, ili hasira ya kazini isiwaangukie mkeo na watoto. Silaha hukaguliwa kila siku. Mkono unaoishika huongozwa na moyo. Nao moyo ukaguliwe.