Rezini juu ya stika: linda mikono kabla ya kuanza

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Siku ya mapumziko ukiwa Goma, simama kidogo kwenye mzunguko wa barabara penye sanamu ya chukudu, utazame pikipiki zinazopita. Motari wanapenda maandishi. Kwenye tangi utasoma jina la mtoto, jina la timu, neno la sala. Nyingi ni stika za kawaida, na mvua pamoja na lile vumbi jeusi la mawe ya volkano havikawii kuzichubua. Lakini mara moja moja inapita pikipiki ambayo herufi zake zimeumuka, nene na laini, zinang'aa kama tone la maji lililoganda juu ya jani. Ukipitisha kidole unaona kweli zimeinuka.

Siri yake ni rezini. Ni maji mazito ya aina mbili: chupa moja ya rezini yenyewe, na chupa nyingine ya kigumishi. Vikichanganywa na kumiminwa juu ya stika, vinatambaa hadi ukingoni na kusimama hapo, kwa sababu uso wa maji hujivuta wenyewe, kama vile chai unavyoweza kuiona imepanda juu ya ukingo wa kikombe bila kumwagika. Baada ya siku moja hivi vinakuwa vigumu kama kioo.

Kijana wako akikuambia anataka kujaribu, usimkataze. Vifaa ni vichache, kazi inafanyika mezani, na kibao cha jina la mlango au kishikio cha funguo kinaweza kuuzwa. Ila kuna jambo moja ambalo muuzaji wa dukani hatakuambia, na ndilo lililotufanya tuandike.

Rezini ya epoksi, ikiwa bado maji, ni adui wa ngozi. Haiumi. Haichomi kama asidi ya betri. Unapata tone kwenye kidole, unalifuta kwenye suruali, unaendelea. Kesho tena, na wiki ijayo tena. Mwili unavumilia, unavumilia, kisha siku moja unakataa. Vidole vinawasha, vinavimba, vinatoa malengelenge. Hata kope za macho zinaweza kuvimba kwa sababu ulijikuna. Na mwili ukishakataa epoksi, kwa kawaida haurudi nyuma. Utaponyoka malengelenge, lakini kila ukikutana na epoksi tena, hata kidogo, yatarudi.

Sasa fikiri, ndugu. Epoksi haiko kwenye stika peke yake. Iko kwenye rangi za kuzuia kutu, kwenye gundi za kutengenezea pampu na mabomba, kwenye sakafu za atelye, kwenye kazi za fundi wa umeme. Mtu aliyejiharibia mikono mezani kwake Jumapili anaweza kushindwa kazi yake ya Jumatatu. Hiyo ndiyo bei ya tone moja moja.

Kwa hiyo nunua ganti kwanza, rezini baadaye. Ganti zinazofaa ni zile nyembamba za nitrili. Zile za mpira wa kawaida hazizuii rezini vizuri, na za pamba ni mbaya kuliko mikono mitupu, maana zinainywa rezini na kuikandamiza kwenye ngozi. Ganti ikichafuka, itupe na uvae nyingine. Vaa mikono mirefu na miwani ya kazi. Kigumishi kikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu uende hospitali. Usingoje kuona kama itapita.

Je, rezini ikigusa ngozi? Ifute kwa karatasi kavu, kisha sabuni na maji mengi. Usisafishe mikono kwa asetoni wala petroli. Tunajua mafundi wengi wanafanya hivyo, na inaonekana mikono imetakata. Ukweli ni kwamba umeondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia rezini mlango.

Kabla ya kulipa, tazama chupa. Maandishi yanaweza kuwa ya Kichina au Kiingereza, lakini alama za hatari ni zilezile karibu dunia nzima: mraba uliosimama kwa pembe, ukingo mwekundu, picha nyeusi ndani. Alama ya mshangao ni ya kuwasha ngozi. Mkono unaoliwa na matone ni ya kuunguza, na mara nyingi iko kwenye kigumishi. Samaki aliyekufa na mti mkavu ni ya sumu kwa maji ya ziwa na mito. Mtu mwenye nyota kifuani ni ya madhara mazito ndani ya mwili, na kwa kazi yetu hii ina maana ya mapafu. Ukiuziwa rezini iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na alama yoyote, iache hapo hapo. Kigumishi kinaweza kuwa cheupe kama maji, na nyumbani kuna watoto.

Haya, tuanze. Anza na kitu kidogo chenye pembe za mviringo, si herufi nyembamba. Pembe kali zinaifanya rezini irudi nyuma au imwagike. Stika iwe ya plastiki, wino umekauka kabisa, na bado imeshikamana na karatasi yake ya nyuma. Kama ni herufi, kila moja iwe imekatwa peke yake na plastiki ya katikati imeondolewa, ili rezini ione ukingo wa kusimama. Iweke juu ya ubao ulionyooka. Azima nivo ya mwashi na upime pande zote mbili. Meza ya Goma iliyowekwa juu ya sakafu ya mawe ya lava haijanyooka hata kama macho yanasema ndiyo.

Pima kiasi. Rezini ya unene wa milimita 2 inahitaji takriban gramu 2 kwa kila sentimita 10 za mraba. Stika ya sentimita 10 kwa 5 itataka gramu 10 au 11, basi. Fuata kipimo cha kigumishi kilichoandikwa kwenye chupa, na uangalie kama ni kwa uzito au kwa ujazo, maana si kitu kimoja. Kuongeza kigumishi "ili ikauke haraka" hakusaidii. Utapata kitu kinachonata milele. Koroga polepole kwa dakika 2 au 3, ukikwangua chini na pembeni. Ukikoroga kama unapiga mayai, utajaza mapovu. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha, mimina katikati, kisha sogeza kuelekea ukingoni. Mapovu yaliyobaki yatoboe kwa pini. Funika kwa katoni safi, vumbi lisianguke, na usiguse hadi kesho.

Aliyeandika mistari hii alianza kwa tamaa. Alichanganya kikombe kizima, akaenda kuongea na jirani. Aliporudi, kikombe cha plastiki kilikuwa kimelegea, kinatoa moshi, na meza imeungua alama ya duara ambayo mke wake anaikumbusha mpaka leo. Rezini inapoganda hutoa joto. Ikiwa imetandazwa nyembamba, joto linatoka. Ikiwa imerundikana kikombeni, joto linajizidisha. Changanya kidogo, umimine mara moja. Kikombe kikianza kupata moto, kitoe nje juu ya mawe na usivute moshi wake.

Jambo la usiku. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na usiku ni baridi. Rezini inachelewa. Hapo ndipo mtu anapata wazo la kuingiza mbabula ya makala ndani ya chumba, kufunga mlango na dirisha, na kulala karibu na stika zake. Usifanye hivyo kamwe! Makala yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza isiamke. Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kulala mashimoni, ikiua mbuzi na hata watu. Mazuku ni nzito, inakaa chini. Aliyesimama mahali pa juu anaweza kupona. Gesi ya makala haina adabu hiyo. Inajaza chumba chote, kitandani kama sakafuni. Kama kuna baridi, weka chupa zilizofungwa ndani ya maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya, halafu ungoje siku mbili badala ya moja. Na asetoni ya kusafishia isikaribie mbabula, kibiriti wala sigara.

Wengine watakuambia epoksi inageuka njano. Ni kweli, juani inageuka, na jua letu la karibu na ikweta halina huruma. Ndiyo maana mafundi wa pikipiki wanapendelea poliuretani, inayobaki angavu kwa muda mrefu. Sisi tunasema: mwanafunzi asianze nayo. Kigumishi chake kina isosianati, na hiyo ndiyo yenye picha ya mtu mwenye nyota kifuani. Inaweza kuleta pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wake. Tena haipendi unyevu. Ikikutana na maji inatoa hewa ya ukaa, ile ile ya mazuku, na stika inajaa mapovu. Msimu wa mvua utapoteza pesa na pumzi. Fanya epoksi kwa vitu vya ndani ya nyumba, dirisha likiwa wazi pande mbili, mbali na jiko na mahali pa kulala watoto.

Mabaki usiyamwage mferejini wala ziwani. Watu wengi wanachota maji ya Kivu. Changanya kidogo kidogo, acha yagande, kisha yatupe yakiwa magumu.

Na kaske yako ya kazi? Tumeulizwa, basi tujibu. Usimimine rezini juu yake, na usiisugue kwa asetoni ili stika ishike. Asetoni inadhoofisha plastiki bila kuonyesha alama, na rezini nene inaficha ufa ambao mkaguzi anautafuta. Kama unataka jina lako lionekane, mwulize mkuu wa usalama ni stika gani na mahali gani mtengenezaji wa kaske anaruhusu. Ile herufi nzuri iliyoumuka iweke kwenye sanduku lako la vyombo.