Yesu hakubaki ufukweni



Ukitaka kuchora dhoruba, utasimama wapi? Wengi wetu tungesimama ufukweni, penye usalama. Ludolf Bakhuizen, mchoraji wa Amsterdam, hakufanya hivyo. Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Uholanzi, anasimulia kwamba hali ya hewa ilipochafuka, Bakhuizen alipanda mashua kwenda kuyatazama mawimbi kwa karibu. Mabaharia walihofia maisha yao, wakageuza chombo huku yeye akiwasihi waendelee. Akifika nchi kavu, alikwenda moja kwa moja kuchora kabla hajasahau.

Mwaka 1701, akiwa ametimiza miaka 70, alitoa picha za bahari zilizochapwa kwa sahani za shaba. Sahani hupakwa nta, mchoraji hukwangua kwa sindano, kisha tindikali hula shaba mahali palipokwanguliwa. Wino hukaa ndani ya makovu hayo, karatasi ikakandamizwa juu yake, picha ikatoka. Shaba isiyojeruhiwa haitoi picha.

Sasa soma Marko 4:35-41. Bwana wetu angeweza kuikemea bahari akiwa pwani. Lakini dhoruba ilipovuma, alikuwamo chomboni pamoja na wanafunzi wake, amelala kichwa juu ya mto. Maji yaliyokijaza chombo chao yalikijaza chombo chake pia. Kutoka humo aliinuka, akaiamuru bahari itulie.

Je, mimi na wewe tunasimama wapi? Jirani amefiwa, tunatuma neno "pole" kwa simu. Baba wa familia ameachishwa kazi, tunamwambia "tutakuombea," kisha hatumtembelei tena. Binti wa jumuiya yetu amepata mimba, tunamjadili mlangoni tukitoka ibadani. Tunaisimulia dhoruba ya mwenzetu huku miguu yetu ikiwa mikavu.

Wiki hii mchague mtu mmoja. Nenda ukae naye wodini. Mpelekee kilo mbili za unga. Msikilize, hata kama huna la kumjibu. Utalowa kidogo, lakini ndipo atakapomwona Kristo ndani yako.

Na kama wewe ndiye uliye katikati ya mawimbi leo, usidhani Bwana amebaki ufukweni akikutazama. Yumo chomboni. Mwite.

Nakutakia Jumapili njema.