Umri wa Miamba na Imani Yetu

Dunia ina umri gani? Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alihesabu kwamba iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mwaka 1831 kasisi Mwanglikana Adam Sedgwick, mwalimu wa elimu ya miamba huko Cambridge, aliacha kufundisha kwamba Gharika ilileta changarawe zote. Mwaka 1961 Whitcomb na Morris wa Marekani waliitetea Gharika tena. Wataalamu wa miamba huhesabu miaka milioni 4,500. Wote hao wanne walimwamini Mungu Muumba. Kitabu cha Mwanzo chatuambia ni nani aliyeumba, tarehe hakikutupa. Basi, kijana asomeaye miamba tusimlazimishe kuchagua kati ya masomo yake na Kristo, tukamkwaza ndugu ambaye Bwana alimfia.