Pumu na Moshi wa Bangi

Ndugu msomaji, huenda katika kijiji chako yuko mtu mwenye pumu. Huenda ni mtoto wako, au ni wewe mwenyewe. Usiku kifua kinabana, pumzi inatoa sauti ya mluzi, na zahanati iko mbali. Ndipo jirani anaposema, "Mpe bangi avute kidogo, kifua kitafunguka." Je, maneno hayo ni ya kweli? Tuyachunguze.

PUMU NI NINI?

Ndani ya mapafu mna mirija midogo ya kupitishia hewa. Mirija ya mtu mwenye pumu ina uvimbe kwa ndani. Akivuta vumbi au moshi, au akishikwa na mafua, misuli inayoizunguka mirija hujikaza. Makohozi mazito huziba njia. Hewa hupita kwa shida, hasa wakati wa kutoa pumzi. Pumu haiambukizwi, wala haitokani na kurogwa. Lakini inaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu 455,000 walikufa kwa pumu.

MAMBO YA KALE

Kutibu kifua kwa moshi si jambo jipya. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton alieleza jinsi watu walivyovuta bangi kwa kiko chenye maji, wakakohoa kwa nguvu.

Alieleza pia mmea wa mnanaha, wenye maua makubwa meupe na matunda ya miiba. Majani yake yalikaushwa yakavutwa ili kutibu pumu. Hata hivyo, aliandika kuwa watu wengi walidhurika kwa kutojua ukali wake.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Mnanaha una atropini, ambayo hulegeza mirija. Baadaye wataalamu walitumia atropini kutengeneza dawa ya pumu iitwayo ipratropiumu. Tofauti ni kipimo. Dawa ya hospitali ina kipimo kinachojulikana. Jani la porini halina kipimo: moja ni kali, jingine ni hafifu. Mnanaha ni sumu. Humfanya mtu aweweseke, na huweza kumwua. Usiuvute wala usiule.

NA BANGI JE?

Katika miaka ya 1970, huko California, Marekani, daktari Donald Tashkin na wenzake waliwapima watu wenye pumu waliovuta bangi. Waliona kuwa mirija ilipanuka kwa muda. Basi jirani ana ukweli kidogo. Lakini ni ukweli nusu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa wavutaji wa kila siku hupata kikohozi, makohozi na uvimbe wa mirija. Moshi ni moshi, uwe wa kuni, wa tumbaku au wa bangi. Bangi hufungua mlango huku ikibomoa ukuta.

Tena, bangi inalevya. Mgonjwa aliyelewa huenda asitambue kuwa hali yake inazidi kuwa mbaya. Anachelewa kupata tiba, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Wengine watauliza, "Mbona nchi nyingine bangi ni dawa?" Ni kweli. Iko dawa ya maji iliyotokana na bangi, ambayo hutolewa kwa aina fulani za kifafa. Lakini hiyo hutengenezwa kiwandani, hunywewa kwa kipimo, wala si ya pumu. Hapa Tanzania, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza na kutumia bangi.

UFANYE NINI?

1. Nenda zahanati ukapimwe. Si kila kikohozi ni pumu. Huenda ni kifua kikuu.

2. Jua dawa zako. Salbutamoli ya kuvuta hufungua mirija upesi. Beklometasoni ya kuvuta hupunguza uvimbe, nayo hutumiwa kila siku hata ukijisikia mzima. Ya kwanza peke yake haitoshi.

3. Mtoto asiyeweza kuvuta dawa vizuri atumie chupa. Mwaka 1999 wataalamu wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi vizuri kama chombo cha dukani. Mwombe mganga wa zahanati akuonyeshe namna ya kuitoboa.

4. Epuka moshi. Pikia mahali penye hewa. Mwenye pumu asikae kwenye mabani wakati wa kukausha tumbaku.

5. Kama unavuta bangi, mwambie mganga bila kuficha, ili akutibu akijua hali yako.

6. Jua dalili za hatari: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, midomo inakuwa ya bluu, au dawa haimsaidii. Mkalishe wima, mpe salbutamoli yake, na mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje kuche.

Ndugu msomaji, zungumzeni jambo hili nyumbani leo, wakati kila mtu anapumua vizuri. Amueni dawa itawekwa wapi, na ni nani mwenye baiskeli au pikipiki atakayeitwa usiku.

MASWALI

1. Kwa nini mtu aliyevuta bangi huona nafuu kwa muda?
2. Dawa ya hospitali na jani la porini vinatofautiana vipi?
3. Taja dalili tatu za hatari za pumu.
4. Katika kijiji chenu, mgonjwa wa usiku atafikaje hospitali? Jadilianeni darasani.